Intaneti Isiwe na Mlango wa Uani

Wananchi wenye umri wa kutosha wanazikumbuka foleni za mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sukari, sabuni na khanga ziliposhushwa kwenye duka la ushirika au kwenye ghala la RTC, watu walijipanga tangu alfajiri, kila mmoja na kikapu chake, na wengine waliweka jiwe mahali pao wakaenda kunyonyesha watoto. Foleni ile ilichosha, lakini siyo iliyowakera watu. Kilichowakera ni mlango wa uani. Mbele ya duka watu walipangana kwa haki, mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya duka magunia yalitoka usiku kwa wenye majina na wenye fedha, na aliyesimama mbele tangu alfajiri alipofika dirishani aliambiwa ya kuwa bidhaa imekwisha.

Tumeanza na kumbukumbu hiyo kwa kuwa leo tunataka kuzungumza juu ya bidhaa nyingine ambayo nayo ina foleni na ina uani, ingawa foleni yake haionekani kwa macho. Bidhaa hiyo ni intaneti ya kasi. Tunawaandikia wasomaji wetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Irugwa na Rukuba, na tunawaandikia pia viongozi wa Serikali, kuanzia Makao Makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime pale Nyamwaga hadi Dodoma. Mkazi wa kisiwani na ofisa wa Nyamwaga, ijapokuwa mmoja yuko majini na mwingine milimani, wana jambo moja wanaloshirikiana: wote wawili wako mwisho wa waya.

Nyamwaga ni kata ya nyanda za juu za Tarime, katika nchi ya migomba na kahawa, upande wa kuelekea Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tangu Halmashauri ilipohamishia ofisi zake huko, shughuli za wilaya nzima zinategemea uzi ule mmoja wa mawasiliano. Mkulima au mwenye duka hawezi kulipa ushuru mpaka ipatikane namba ya kumbukumbu ya malipo, nayo inatoka kwenye mitambo iliyo mbali. Leseni ya biashara inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI. Zabuni za Serikali, hata ya kupaka rangi madarasa mawili, zinapita kwenye mfumo wa NeST. Mtoza ushuru mnadani ana mashine yake ya POS mkononi. Zamani mtandao ulipokatika, karani alifungua daftari na kazi ikaendelea. Siku hizi daftari limeondolewa, na mtandao ukikatika hata Serikali imekatika.

Tulikuwapo siku moja katika kituo cha tiba cha mkoa huu, ambacho hatutakitaja kwa kuwa kosa halikuwa lake. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kwenye benchi na kadi yake ya bima mkononi, akisubiri kadi hiyo ithibitishwe. Karani alikuwa amesimama dirishani, ameinua simu juu ya kichwa chake kana kwamba anachuma embe. Kila baada ya muda alirudi mezani, akatazama kompyuta, akasema, “Mama, mtandao bado unasumbua.” Nje ya dirisha hilo hilo vijana wawili walikuwa wakitazama picha za mpira kwenye simu, na picha zilikuwa zinakimbia bila kukwama.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba tukio hilo peke yake linathibitisha hila ya kampuni yoyote. Makampuni makubwa ya dunia yenye video huweka nakala za picha zao kwenye mitambo iliyo karibu na watumiaji, kwa hiyo picha ya mpira ina safari fupi kuliko kadi ya bima ambayo lazima iende kuulizwa makao makuu na kurudi. Pengine pia vijana wale walikuwa na laini ya kampuni nyingine. Lakini swali tuliloondoka nalo pale ni la haki: njia inapokuwa nyembamba, nani anaamua kipite kipi kwanza, na nani amempa madaraka hayo?

Kabla ya kujibu hilo, inafaa kusema kwanza juu ya unene wa njia yenyewe.

Serikali haikukaa bure. Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitungwa mwaka 2006, ili makampuni yachangie gharama za kupeleka huduma mahali ambapo biashara peke yake haitafika. Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuusambaza uwezo huo mikoani, chini ya usimamizi wa TTCL. Mei 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hii ni kazi kubwa, na asiyeikubali ni mtu asiyesafiri.

Hata hivyo tunaona lazima tuulize maana ya neno “kufikiwa”. Mnara ukisimamishwa karibu na ofisi ya kata, kata nzima huandikwa kwamba imefikiwa. Lakini Tarime ni nchi ya milima na mabonde, na mawimbi ya redio yanayobeba intaneti ya kasi hayapindi kona kama mbuzi. Kijiji kilicho nyuma ya kilima hubaki kizani hata kama mnara wenyewe unaonekana kutoka kwenye kilele chake. Kuna mahali katika kata za Nyanungu na Gorong'a ambapo mtu hupanda mlima kwanza ndipo apige simu. Upande wa Sirari, kwa kinyume chake, simu hunasa mawimbi ya Kenya bila kuombwa, na mtu aliye nyumbani kwake Tanzania hukaribishwa kwa ujumbe kama mgeni ng'ambo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Vile vistari vya mawimbi vinavyoonekana juu ya kioo cha simu huonyesha nguvu ya mawasiliano kati ya simu na mnara tu. Havionyeshi kilicho nyuma ya mnara. Mnara ulio karibu na Mkongo umefungwa kwenye waya wa nyuzi za kioo na una uwezo mkubwa. Mnara wa kisiwani au wa mlimani aghalabu hupokea mawasiliano yake kwa sahani ya mawimbi kutoka mnara mwingine, nao kutoka mwingine tena, na kila kituo cha njiani kinagawana njia ile ile na vijiji vyake. Ndiyo maana mvuvi wa Irugwa aweza kuwa na vistari vyote vinne na asiweze kufungua barua. Mlango uko wazi kabisa, lakini nyuma yake hakuna ukumbi, kuna ujia wa kupita mtu mmoja.

Takwimu za nchi hazilionyeshi jambo hili. Kwa ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, laini zinazotumia intaneti zilipita milioni 50 mwaka 2025, na eneo lenye mtandao wa kizazi cha nne lina zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, wakiwamo watoto wachanga. Ukiziweka namba hizo pamoja utadhani karibu kila Mtanzania anasoma gazeti kwenye simu. Lakini kinachohesabiwa ni laini, siyo mtu, na mwenye laini tatu huhesabiwa mara tatu. Tena laini iliyofungua intaneti mara moja katika miezi mitatu imehesabiwa sawa na ile inayofanya kazi usiku na mchana. Hatusemi kwamba namba hizo ni za uongo. Tunasema zinajibu swali ambalo mtu wa Ukara hakuuliza.

Hata mataifa makubwa yalijidanganya kwa njia hii. Huko Marekani, ambako intaneti ya majumbani hupelekwa zaidi na makampuni ya waya za televisheni, ramani ya nchi ilihesabu kwamba mtaa mzima wa sensa umefikiwa endapo nyumba moja tu katika mtaa huo ingeweza kupata huduma. Vijijini mtaa wa sensa waweza kuwa na ukubwa wa kata yetu. Kwa miaka mingi fedha za ruzuku zilipita kando ya watu wasio na huduma kwa sababu karatasi ilisema wanayo. Machi 2020 ikatungwa sheria ya kuchora ramani upya, nyumba kwa nyumba, na Novemba 2022 ramani hiyo ikatolewa hadharani. Jambo la maana kuliko yote katika sheria ile ni kwamba raia alipewa haki ya kuipinga ramani: akiona imeandikwa kuwa nyumba yake inahudumiwa nayo haihudumiwi, hupeleka pingamizi lake, na kampuni hulazimika kulijibu.

Sisi hatuna haki ya namna hiyo, na twaihitaji zaidi yao. Mtendaji wa Kata anajua kwa majina vitongoji visivyo na mtandao. Mwenyekiti wa kijiji anajua jiwe ambalo watu hulisimamia ili wapate mawasiliano. Ujuzi huo hauna mahali pa kuandikwa.

Turudi sasa kwenye foleni.

Kila kinachopita kwenye intaneti, iwe barua, picha au fedha, hukatwakatwa vipande vidogo, na vipande hivyo hupanga foleni kwenye kila mtambo wa njiani. Mitambo ya zamani ilivipitisha kadiri vilivyokuja. Mitambo ya leo ina uwezo wa kuvitazama, kuvitambua vimetoka wapi na vinakwenda wapi, kisha kuvipa daraja: hiki kipite, hiki kingoje, hiki kitupwe. Uwezo huo si mbaya kwa asili yake. Mazungumzo ya sauti yakichelewa nusu dakika hayana maana tena, bali barua ikichelewa nusu dakika hakuna aliyeumia. Fundi mwenye busara atatanguliza sauti. Ubaya huanza pale daraja linapotolewa kwa kuangalia mali ni ya nani, au nani amelipa pembeni.

Hofu hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Simu za kwanza ziliunganishwa kwa mkono wa opereta, na opereta alikuwa mfalme mdogo. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi katika mji wa Kansas City, alishuku kwamba wateja wake wakipiga simu huunganishwa na mshindani wake kwa hila ya opereta. Kwa hasira akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila mkono wa mtu, akapata hataza yake mwaka 1891. Mtambo ule ulienea ulimwenguni kwa kuwa haukumjua mpigaji wala mpigiwa. Sasa, baada ya zaidi ya karne moja, opereta amerudi. Safari hii hana uso.

Mwaka 2007 huko huko Marekani, fundi mmoja mpenzi wa nyimbo za kale aligundua kwamba nyimbo alizokuwa akigawana na wenzake kwa njia ya mtandao zilikuwa zikikatika bila sababu. Alipochunguza aliona kwamba kampuni ya waya ya Comcast ndiyo iliyokuwa ikiyakata mawasiliano ya aina ile, kimyakimya. Shirika la habari la Associated Press lilifanya jaribio lake likapata matokeo yale yale. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikaikemea kampuni mwaka 2008, na mwaka 2010 mahakama ikasema tume haikuwa na madaraka ya kufanya hivyo. Tangu hapo kanuni imekuwa ikipanda na kushuka kama bei ya pamba: ikawekwa mwaka 2015, ikafutwa Desemba 2017, ikarudishwa Aprili 2024, na tarehe 2 Januari 2025 mahakama ikaitengua tena. Nchi za Umoja wa Ulaya zilichagua njia iliyo tulivu zaidi: zilitunga kanuni moja mwaka 2015, inayokataza kubagua mawasiliano lakini inayoruhusu kuyapanga kwa sababu za kifundi zinazoweza kuelezwa na kukaguliwa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuletewa upendeleo kwa sura ya kukatiwa. Tuliletewa kwa sura ya zawadi. Oktoba 2014 Facebook, ikishirikiana na kampuni ya Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, iliwafungulia Watanzania kurasa kadhaa za intaneti bila malipo. Waliopokea walifurahi, nasi hatuwalaumu; anayepewa maji bure haulizi bomba ni la nani. Lakini India, ilipoletewa zawadi ya aina hiyo, ilikaa ikatafakari, na Februari 2016 msimamizi wake wa mawasiliano akapiga marufuku kuweka bei tofauti kwa kuangalia mtu anasoma nini. Hoja yao ilikuwa rahisi. Mlangoni kwa maskini mwenye shamba mkubwa amejenga kibanda, na ndani ya kibanda vitu ni bure. Lakini duka la kijana wa kijijini, ambaye hakulipa kodi ya kibanda, litafungwa kwa kukosa wateja hata kama mali yake ni bora.

Leo vifurushi vya mitandao ya kijamii ni jambo la kawaida. Mvuvi mwenye shilingi mia tano hununua kifurushi cha kuzungumza na kutumiana picha, na kwake huko ndiko intaneti inakoishia. Akitaka kusoma tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa juu ya upepo wa ziwani, au kutazama matokeo ya mtihani ya mwanawe, anaambiwa hana salio. Mitandao aliyopewa kwa bei nafuu imechaguliwa na wengine, katika vyumba ambavyo mtu wa Rukuba hakualikwa.

Makampuni yana hoja zao, na haki yataka tuziseme. Mnara wa kisiwani ni ghali kuujenga na ghali kuuhudumia. Mafuta, walinzi na mafundi vyote husafirishwa kwa mtumbwi. Wanunuzi wa kule ni wachache na mifuko yao ni myepesi. Kwa hiyo, wanasema, turuhusuni tuuze nafasi ya mbele kwa wenye uwezo, nasi kwa faida hiyo tutapanua njia kwa wote.

Tumeipima hoja hiyo tukaona haisimami. Anayeuza nafasi ya mbele hupata faida kwa sababu kuna msongamano. Msongamano ukiisha, nafasi ya mbele haina bei tena. Basi mtu huyo ana sababu gani ya kupanua njia? Mwenye duka la mlango wa uani hakutaka kamwe sukari iwe nyingi. Ugumu wa kuhudumia visiwa ni wa kweli, na dawa yake ni ile ruzuku ya Mfuko pamoja na makampuni kutumia mnara mmoja kwa ushirika, badala ya kila kampuni kuusimamisha wake mjini na wote kukimbia kijiji.

Sheria zetu, kwa bahati njema, hazitulazimishi kuanza upya. Tangu mwaka 2005 leseni za mawasiliano zimegawanywa mafungu manne: ya miundombinu, ya huduma za mtandao, ya huduma tumizi na ya maudhui. Kwa lugha ya barabara, mwenye barabara, mwenye gari, mwenye karakana na mwenye shehena wana leseni mbalimbali. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka pia wenye mitambo waunganishane bila kubaguana. Mgawanyo huo una hekima kubwa. Lakini kampuni moja ikishika leseni zote nne, ukuta kati ya barabara na shehena unabaki wa karatasi; na kanuni mahususi inayolinda foleni ya mtumiaji wa mwisho, mwenye simu mkononi, hatuna. Tunaishauri TCRA iiandike, iipeleke kwa wananchi waijadili, na iiandike kwa Kiswahili kinachosomeka.

Itakuwapo ruhusa moja tu ya wazi ya kutangulizana. Hakuna mtu wa Ukara anayehitaji kuelezwa maana ya msaada unaochelewa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, na zaidi ya watu mia mbili wakapoteza maisha huku nchi kavu ikionekana. Wito wa kuomba msaada ziwani, onyo la dhoruba, na mawasiliano ya hospitali na zimamoto vipite mbele ya kila kitu, bila kulipiwa na bila kuulizwa salio. Gari la wagonjwa hupewa njia na kila dereva, na hakuna aliyelinung'unikia. Tunachokataa ni king'ora cha gari la wagonjwa kuuzwa dukani.

Wala hatuwezi kuyasema ya makampuni tukayanyamazia ya Serikali. Kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa mtu wa mjini hiyo ilikuwa adha. Kwa Halmashauri ambayo imeondoa daftari, tumekwisha kueleza maana yake. Kanuni tunayoipendekeza ikimfunga mwenye mnara bila kumgusa mwenye amri, itakuwa imefunga mlango mmoja wa uani na kuacha mwingine wazi. Amri yoyote ya kupunguza au kukata mawasiliano yapasa iandikwe, itaje kifungu cha sheria, itaje mwisho wake, na iweze kupelekwa mahakamani.

Wazee wetu waliokuwa wakiandika barua watatuelewa upesi. Barua iliyotiwa sandukuni Dar es Salaam kwenda Nansio ilibandikwa stempu ile ile ya barua ya kwenda Kariakoo. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, likarithiwa na shirika letu, na mwaka 1994 simu zikatengwa na posta. Katika mageuzi yote hayo stempu iliendelea kuvuka maji bila kuongezwa bei. Hakuna aliyemwambia mkazi wa kisiwani kwamba barua yake ni ghali kwa sababu ya ziwa. Barua ya karani na barua ya waziri zililala katika gunia moja. Posta ilikuwa na hitilafu zake, na ucheleweshaji wake tuliuandika mara nyingi katika safu hii, lakini ilichelewesha kwa usawa.

Kwa ramani, ombi letu ni hili. Huduma ipimwe kwenye kitongoji na kwenye kisiwa, siyo kwenye ofisi ya kata, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji kama yanavyobandikwa mapato na matumizi. Sehemu ya mwisho ya ruzuku ya kila mnara izuiwe mpaka miezi sita ipite na vipimo vya wananchi wenyewe vipokelewe. Pingamizi zipitie kwa Mtendaji wa Kata kwenda ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa, Mwanza, na nakala iende kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo liliundwa kwa kazi ya namna hii na ambalo watu wengi wa vijijini hawajapata kulisikia. Na kwa kuwa kupima kasi kwenyewe kunakula kifurushi cha mpimaji, kipimo hicho kisikatwe salio. Hapo tutaulizwa: je, huo si upendeleo ule ule mnaoupinga? Ni upendeleo, tunakiri. Lakini mizani ya sokoni haitozwi ushuru, na haijapata kumwibia muuzaji mteja wake.

Madiwani wa Tarime hukutana Nyamwaga kila robo ya mwaka, na wenzao wa Ukerewe hukutana Nansio. Mkutano ujao kila diwani aweza kwenda na kipimo cha kata yake mkononi bila kumsubiri mtaalamu kutoka Dodoma, maana simu ya kawaida yatosha. Tunamwomba tu asipimie ofisini asubuhi, wakati watu wako shambani. Apimie kwenye kijiji kilicho mbali zaidi na mnara, saa mbili usiku, akiwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa.